Kocha Mamy na Mfungo wa Area 25

Wasichana wa Kocha Mamy walijua jambo moja kabla hawajajua hata kupiga pasi: filimbi ikilia mara mbili, ni maji. Hakuna cha "mi sina kiu", hakuna cha "nitakunywa nyumbani". Kila mmoja aliacha alichokuwa akifanya, akaja kwenye kidumu cha njano kilichowekwa kivulini kando ya ukuta wa shule, akachota kikombe, akanywa mpaka chini. Mamy alisimama hapo hapo, mikono kiunoni, kuhakikisha hakuna anayemwaga nyuma ya mwenzake na kudai ameshakunywa. Wazazi waliopita kando ya uwanja walimcheka. Walisema yule mama hafundishi mpira, ananywesha ng'ombe.

Waache wacheke. Mamy alikuwa na sababu zake. Kule Uvira, Kongo, alipokuwa yeye mwenyewe akicheza winga, kocha wao aliamini kwamba maji yanatia miguu uzito, na msichana aliyeonekana na chupa mazoezini alikaa benchi siku ya mechi. Mamy aliwahi kulala kifudifudi nyuma ya goli akanywa maji ya mvua yaliyotuama kwenye alama ya tairi, jicho moja likiwa kwa kocha. Tumbo lilimsokota wiki nzima. Alipokuja kupata timu yake mwenyewe hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mbali na ziwa na mbali na yule bwana, alinunua kidumu kabla ya kununua mpira.

Mchana alikaa kwenye cherehani yake sokoni. Vipande vya kitenge vilivyobaki alivishona vizibao vya mazoezi, vyenye maua kwa kundi moja, vyenye ndege kwa kundi jingine. Jioni alipanga mawe uwanjani kuwa alama, akafunga mtandio kichwani, akaanza kazi. Hakupiga kelele mpira ukiwa unatembea. Aliwaweka wasichana kwenye duara, wawili katikati wakiusaka mpira, zoezi ambalo Wakongo wote wanaliita toro, naye akazunguka nje akiangalia vichwa, si miguu. Pasi ikipotea alipuliza filimbi mara moja, wote wakasimama walipo, akamwendea polepole aliyekosea, akamwuliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambako mpira ni balle na "ndiyo" ni "njo".

"Mbele balle ifike kwako, uliona nani?"

"Sikuona mutu, coach."

"Njo vile. Balle ilikukuta unalala. Inua kichwa kwanza, fungua mwili, kisha njo upokee. Rudia."

Akamshika mabega, akamgeuza kidogo, akarudi nje ya duara. Walirudia. Walirudia tena mpaka Annie, golikipa na nahodha, aliyekuwa na mdomo usiokosa neno, aliuliza kama wanajifunza mpira au wanajifunza kusimama. Mamy alimwambia ni vyote viwili.

Hodari wao alikuwa Douce, mshambuliaji, Mrundi mwembamba wa miaka kumi na minne. Ukimwambia Annie aende kushoto, atakuuliza kwa nini. Ukimwambia Douce, ameshafika. Hakuwa na mama. Aliishi na shangazi yake, Nibigira, muuza maandazi, na siku moja Nibigira alimwambia Mamy huku akigeuza maandazi kwenye mafuta, "Huyu mutoto mimi ananisikia nusu. Wewe anakusikia yote. Basi nimekuachia." Mamy alicheka, akaona amesifiwa. Maskini, hakujua alikuwa anakabidhiwa mzigo.

Oktoba ile walialikwa mjini Lilongwe, mtaa wa Area 25, kucheza na timu ya wasichana ya huko. Ilikuwa mechi ya kwanza kati ya mbili. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekwenda huko huko wakapigwa manne kwa bila, wakarudi kambini wakiwa wamenyamaza kwenye lori kama watu wanaotoka mazishini. Safari hii hawakutaka kusikia habari ya kufungwa. Na safari hii Mama Fidès aliota ndoto.

Mama Fidès alikuwa kiongozi wa waombezi katika kanisa ambalo Mamy aliliimbia kwaya na ambalo lilikuwa mlezi wa timu. Lori lilikuwa la kanisa. Ruhusa ya kutoka kambini iliombwa na kanisa. Hata mpira mpya ulikuwa wa kanisa. Lakini si hayo yaliyomfunga Mamy. Miaka mitatu nyuma, mwanawe Bora alipolala na malaria mpaka macho yakageuka, Mama Fidès alifunga kwa ajili yake, bila chakula wala tone la maji, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya Mamy. Bora akapona. Mtu aliyekufanyia hivyo, utamwambia nini akija mlangoni pako?

Alikuja Jumatano, akaketi kwenye kiti cha wateja karibu na cherehani.

"Niliota miguu ya batoto imefungwa na uzi mweusi," alisema kwa sauti ya chini. "Kule Area 25 kuko kitu inabangojea. Mwaka jana hamukufungwa na balle, Mamy. Mulifungwa na kitu ingine."

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Timu yote iingie mu mnyororo. Kufunga kavu. Kuanzia kesho mpaka filimbi ya mwisho ya match. Mutu mumoja akikunywa, mnyororo imekatika."

Mguu wa Mamy ulisimama kwenye pedali. Alifikiri jua la Oktoba, akafikiri kidumu chake. Alisema batoto iko bado badogo, na siku ya mechi batakimbia sana. Mama Fidès hakubishana. Aliuliza tu, "Bora anaendelea muzuri?" Mamy aliinamisha kichwa. Alijibu kwamba Bora anaendelea vizuri, na kwamba watafunga.

Hofu ilimwingia tangu hapo. Akaifanyia alichoweza. Alipanga mazoezi mepesi, ya kutembea tu, bila mbio. Na ili wasichana wasiteseke kwa kuona maji, Ijumaa alikiacha kidumu nyumbani. Aliona anawahurumia.

Jioni hiyo walikuja midomo imekauka, weupe umewaganda pembeni mwa midomo. Annie, kama kawaida yake, ndiye aliyeuliza.

"Coach, Mungu anapata faida gani mi nikifa na kiu?"

Wengine walicheka kwa uchovu. Mamy angeweza kucheka nao. Angeweza kusema, jamani, mwenye kiu aende nyumbani akanywe, na mambo yangeishia hapo. Badala yake alifanya alilozoea kufanya kila anapoulizwa swali gumu uwanjani: alilifanya somo. Aliwapanga mabeki wanne kwenye mstari, akasimama mbele yao.

"Mumeona ligne? Ikipanda, bote banapanda. Mumoja akibakia nyuma, adui anapita na sisi bote tumekufa juu yake. Kufunga njo vile vile. Mumoja akitoka, yote inafunguka. Munaelewa?"

Walielewa. Walielewa kuliko walivyoelewa mahubiri ya Mama Fidès, kwa maana hii ilikuwa lugha yao, na aliyeisema ndiye aliyewafundisha kusimama. Hata Annie alirudi golini. Douce alikuwa akitikisa kichwa polepole, macho yake hayabanduki kwa kocha. Mamy aliona jinsi maneno yalivyoingia, na kwa kitambo kifupi alijisikia mwalimu mzuri.

Halafu wakaanza kona. Zilikuwa kona za kutembea, lakini ya kwanza ilipigwa vibaya na ya pili vibaya zaidi, na Mamy akishaona kosa hawezi kuliacha. "Premier poteau, nguzo ya kwanza, Douce. Si nyuma. Toka ku kivuli ya beki, kisha ingia." Rudia. Rudia. Jua liligusa mabati ya shule wakiwa bado wanarudia, na Douce alikuwa akikimbia kweli kweli, hakuna aliyekuwa amemwambia asikimbie.

Jumamosi lori lilitoka kambini asubuhi na kufika Area 25 jua likiwa limekwisha kukolea. Uwanja ulikuwa kando ya soko. Hapakuwa na mti. Wauza nyanya walikaa chini ya miavuli, vijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walisimamisha baiskeli zao kwenye mstari, na upepo ulioleta vumbi ulikuwa wa moto. Kocha wa wenyeji, Mmalawi mnene mwenye kicheko, jina lake Tadala, aliwaletea maji kwenye ndoo kama mgeni anavyopokewa. Mamy alisema zikomo, asante ya Kichewa, akaiweka ndoo nyuma ya benchi, akaifunika kwa kitenge. Tadala aliitazama ile ndoo iliyofunikwa, akamtazama Mamy, akarudi upande wake.

Kipindi cha kwanza hakuna aliyeona goli. Timu ya Mamy ilicheza kwa akili, ikiuacha mpira ukimbie badala ya miguu. Mama Fidès alikuwa amesimama nyuma ya goli la Annie na wamama wengine wawili, macho wamefumba, midomo inacheza. Wakati wa mapumziko wenyeji walijimwagia maji kichwani wakipiga kelele za furaha. Wasichana wa Dzaleka walikaa chini wakiangalia upande mwingine.

Kipindi cha pili kilipofika katikati, Mamy aliona jambo. Wasichana wengine wote walikuwa wanameremeta kwa jasho. Douce hakuwa anameremeta. Shingo yake ilikuwa kavu, ngozi imeiva kwa joto, chumvi imemchora mistari kwenye mashavu. Mpira ulipokuja miguuni pake aliuacha upite, akageuka kuutafuta mahali ulipokuwa zamani. Mamy alikuwa amekaa uwanjani miaka ya kutosha kujua maana ya mtu kuacha kutoka jasho kwenye jua kama lile. Hakuwa na haja ya daktari kumwambia.

Mpira ulitoka nje. Alimwita. Douce alikuja akikimbia, akasimama mbele yake akiyumba kidogo. Ngozi ya mkono wake ilikuwa ya moto. Mamy alifunua ndoo, akachota kikombe, akamsogezea mdomoni.

"Kunywa, mwanangu."

Douce alifunga mdomo. Maji yakamtiririka kidevuni.

"Kunywa, nimesema."

"Coach, hapana. Ni ligne." Ulimi ulikuwa mzito, ukigonga meno. "Mumoja akitoka... We mwenyewe ulisema."

"Mi nakuambia sasa kunywa."

"We ulikunywa?"

Mamy hakuwa amekunywa. Tangu Alhamisi hakuwa ameweka tone kinywani, kwa kuwa asingeweza kuwafungisha watoto naye akanywa. Sasa kikombe kilikuwa mkononi mwake. Kilichotakiwa ni kukiinua tu, mtoto aone, kisha ampe. Aliinua macho kwanza, na kule nyuma ya goli Mama Fidès alikuwa amefumbua yake. Alikuwa anamtazama. Mamy alimfikiria Bora. Alifikiri lori likirudi kambini na watu wakisema coach njo alikata mnyororo. Akasema moyoni, zimebaki dakika chache. Mtoto ana nguvu. Akakirudisha kikombe kwenye ndoo.

"Unaweza?" aliuliza.

"Naweza, coach."

"Basi nenda. Maliza."

Huo ndio ulikuwa ukatili, na hakuna jina jingine la kuupa. Tadala alikuwa ameona yote. Alipiga kelele kutoka upande wake, "Mupatseni madzi! Mpe maji huyo!" Mamy hakugeuka.

Walipata kona. Beki aliyekuwa na mguu mzuri aliupiga mpira kwenda nguzo ya kwanza, na Douce alitoka nyuma ya beki, akaingia pale pale alipofundishwa, akaugonga kwa kichwa. Goli. Wasichana wakamrukia, wamama wakapiga vigelegele nyuma ya goli la mbali, na Mamy naye akainua mikono, kwa maana mwili wa kocha hauulizi. Alipoishusha, Douce alikuwa amejitoa kwenye kundi na alikuwa anakimbia. Hakukimbia kuelekea katikati. Alikuwa anakimbia kuelekea sokoni, mikono mbele, akisema kitu kwa Kirundi. Alivuka mstari, akagonga baiskeli ya kabaza, akaanguka, na miguu yake iliendelea kupiga chini.

Aliyemfikia wa kwanza ni Tadala. Alimburuta kwenye mwavuli wa muuza nyanya, akamvua viatu, akammwagia ndoo nzima ya maji, akaita gari. Mamy alipiga magoti kando yake, akimwita jina. Macho ya Douce yalikuwa wazi na hayakumjua. Nyuma yao mwamuzi alimaliza mechi. Annie tu ndiye hakushangilia. Alikwenda kwenye ndoo ya wenyeji, akachota kwa mikono miwili, akanywa akilia.

Hospitalini, mjini, Douce alikaa wiki nzima. Daktari alisema joto lilikuwa limempika ndani na figo zilikuwa zimeumia. Alimwambia Nibigira kwamba zinaweza kupona, na alisema pia kwamba mtoto huyu akikauka tena namna ile, asimletee, kwa kuwa hatakuwa na la kumfanyia. Nibigira hakumgombeza Mamy, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Alimwambia tu, "Nilikuachia," akageuza uso.

Siku ya nne Douce aliweza kuzungumza vizuri. Mamy alikuwa amekaa kando ya kitanda akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, daktari alivyoagiza, na Douce aliyameza yote.

"Coach, tulishinda."

"Tulishinda."

"Ni juu ya vile hakuna mwenye alikunywa," alisema Douce, akatabasamu. "Ningekunywa ile kikombe, balle haingeingia."

Mamy aliendelea na kijiko.

Jumapili, siku moja baada ya Douce kutoka hospitalini, kanisa lilijaa mpaka nje. Habari ya goli ilikuwa imeenea kambi nzima, na imetiwa chumvi: sasa Douce alikuwa ameanguka kwa sababu yule adui wa Area 25 alipigana naye kwa mara ya mwisho, akashindwa. Timu iliketi mbele, imevaa sare. Annie hakuwepo. Douce alikuwepo, amekonda, plasta ya sindano bado iko mkononi, na Nibigira alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa kuwa mtoto alikuwa amemtoroka ili aje, naye akamfuata.

Mama Fidès alisimama. Hakuwa mwovu, na hilo ndilo lililotisha: machozi yake yalikuwa ya kweli. Alimshukuru Mungu kwa ushindi, akasema mechi ya pili ni Jumamosi, na kwamba adui aliyeshindwa anarudi na wenzake. Safari hii mnyororo utakuwa mrefu zaidi, na unaanza sasa hivi, kabla watu hawajatoka mlangoni.

"Nani ataingia wa kwanza?" aliuliza.

Douce aliinua mkono. Hakumtazama Mama Fidès. Alimtazama Mamy, aliyekuwa kwenye kwaya, kama anavyomtazama uwanjani akisubiri kuambiwa ni vizuri. Kanisa lilipiga makofi. Mama Fidès akanyoosha kipaza sauti kuelekea kwaya na kusema, "Coach, njoo utubarikie batoto."

Mamy alitoka kwenye mstari wa kwaya. Alikipokea kipaza sauti.

"Ule muda Douce alikuwa anakufa," alisema. "Mi niliona. Jasho ilikauka, mi niliona, na sikumutoa. Niliogopa ninyi. Niliogopa mama huyu. Haikuwa shetani ya Area 25, ilikuwa mimi."

Mtu mmoja nyuma alisema "Yesu" kwa sauti ndogo. Mama Fidès alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, na Mamy akarudi hatua nyuma.

"Ligne nilibafundisha vibaya. Ligne ni ya balle, haiko ya kufa. Ku timu yangu hakuna mwenye atafunga. Kama mnyororo imeanza sasa, basi mi njo naikata."

Kwenye meza ya mhubiri palikuwa na chupa ya maji. Aliichukua, akaifungua, akanywa mbele ya kanisa zima. Hakupumzika mpaka chupa ikaisha. Wamama walishika vinywa, pasta aliinuka nusu kwenye kiti, na Nibigira alikuwa amekwisha kuanza kusukuma watu akija mbele.

Mamy alishusha chupa, akamtafuta Douce kwa macho. Douce alikuwa amemtazama muda wote huo, bila kupepesa. Sasa aligeuza uso wake polepole, akamtazama Mama Fidès, akisubiri kwake sasa kuambiwa ni vizuri, na mkono wake ulikuwa bado uko juu.